Vyakula vya Kushika: Istilahi na Maana Yake

Mtoto aliyetimiza miezi 6 akafumba kinywa kila aonapo kijiko humtia mama yake hofu kubwa, na hofu hiyo aghalabu huzaa moja ya mambo mawili: ama kumlaza magotini na kummiminia uji kwa nguvu, desturi ya kale ambayo bado haijafa, na ambayo huweza kuupeleka uji mapafuni badala ya tumboni; ama kwenda dukani kununua biskuti, ambazo mtoto huzipokea kwa furaha kwa kuwa ni tamu na kwa kuwa anazishika mwenyewe. Sababu hii ya pili ndiyo yenye mafunzo ndani yake. Matabibu wa lishe wana jina la chakula anachopewa mtoto mkononi ili ajilishe, ilhali sisi katika Kiswahili hatujaafikiana tukiite nini, na rai yangu ni kwamba ukosefu wa jina lililo sawa umewapotezea wazazi fedha na watoto siha.

Istilahi ya Kiingereza ikigeuzwa neno kwa neno hutoa “chakula cha vidole”. Maneno hayo hayapambanui kitu kwetu, maana tonge la ugali humegwa, hufinyangwa na kutowelewa kwa vidole, na wali wa harusini huliwa kwa mkono na wote waliolizunguka sinia. Wafasiri wengine, kwa kuliona hilo, wameandika “vitafunio”, neno lenye asili safi katika kutafuna, illa hapa linapotosha. Mtoto wa miezi 7 aghalabu hana meno ya kutafunia. Huponda chakula kwa ufizi na kukimumunya. Tena, na hili ndilo zito, vitafunio katika matumizi ya kila siku ni maandazi, biskuti, kaukau na vinginevyo viandamanavyo na chai, hata mama aambiwaye kliniki ampe mwanawe vitafunio atatoka na neno hilo moja kwa moja hadi dukani, naye hatakuwa na kosa, kwani ameielewa lugha yake barabara.

Kwa hiyo naliona jina “vyakula vya kushika” kuwa ndilo mustahiki, kwa kuwa kushika ndiko kunakotupa kipimo cha chakula chenyewe. Mtoto wa miezi 6 hushika kwa kiganja kizima, wala hawezi kukifikia kilichofichika ndani ya ngumi yake. Sharti basi kipande kiwe kirefu na kinene kama kidole cha mtu mzima, ili ncha ichomoze juu ya ngumi naye apate pa kuuma. Afikapo miezi 9 hivi huanza kuokota kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, ndipo vipande vidogo vilaini huwa na maana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani na tawi lake la nchi za Amerika, iliyotolewa mwaka 2003, inasema kwamba kufikia miezi 8 watoto walio wengi huweza kula vyakula vya namna hii.

Istilahi yetu iko chini ya istilahi kubwa zaidi, “vyakula vya nyongeza”, ambayo nayo ilitanguliwa na “vyakula vya kulikiza”. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa, na neno hilo liliachwa kwa haki, maadamu mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi huku akila. Chakula humwongezea, hakimwondolei ziwa.

Wala si jambo la jana kumwamini mtoto kwa mkono wake. Mwaka 1928 tabibu wa Marekani, Clara Davis, alichapisha habari za watoto wachache waliotoka kuachishwa ziwa, waliowekewa mbele yao vyakula vya asili vya namna nyingi na kuachiwa wachague, wale kwa mikono au kwa njia yoyote waliyoiweza, na muuguzi akaamriwa akae kimya asimshawishi mtoto kwa neno wala kwa ishara. Walikula, wakakua.

Tuingie sasa jikoni, ambako mali yetu iko tele. Nusu ya kiazi kitamu kilichotokoswa katika chungu cha aila, kikatolewa kabla ya kutiwa chumvi na pilipili, hakidai senti ya ziada. Kadhalika boga, shelisheli, ndizi mbivu iliyobakiziwa ganda upande mmoja liwe mpini, na mhogo usio mchungu uliopikwa hata ukapasuka, mradi kile kijiti cha katikati kimetolewa. Parachichi huteleza, basi lipakwe unga wa uji uliokaangwa lipate kushikika. Lakini nasisitiza kwamba viazi na matunda peke yake havitoshi, kwa kuwa baada ya miezi 6 madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo hupungua, na maziwa ya mama hayawezi kuyafidia. Hapo ndipo maini yaliyopikwa yakalainika, yai lililoiva vyema likakatwa mapande marefu, kunde zilizopondwa na kufinyangwa, na katlesi ya viazi iliyotiwa samaki asiye na mwiba au dagaa waliosagwa, isiyo na pilipili, zinapokuwa maakuli bora kwake kuliko pakiti yoyote. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Kipimo cha ulaini ni chepesi: kibane kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, na kisipopondeka mara, kirudishe chunguni. Karanga nzima, karoti mbichi na zabibu nzima ni hatari. Mtoto na aketi wima, mikono ikiwa imeoshwa, na mtu mzima asiondoke kando yake. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwani kina maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa: mtoto aliyepaliwa hukohoa kwa sauti na uso wake ukaiva, naye aachwe akohoe, aliyesakamwa hunyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi, na huyo ni wa kuokolewa papo hapo kwa kulazwa kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini, na kupigwa mgongoni kati ya mabega kwa kiganja.

Nawaomba basi waandikao mabango ya kliniki na kadi za watoto waandike “vyakula vya kushika”, na chini ya maneno hayo wavitaje kwa majina kiazi kitamu, yai, maini na dagaa, ili asomaye asikimbilie dukani. Nawe mzazi, ikiwa mtoto wako anakataa kijiko, kataa pamoja naye kwa muda na umpe cha kushika; lakini ikiwa anakikataa na hicho pia, au mstari wa uzito katika kadi yake umeanza kushuka, mpeleke kituo cha afya bila kungoja.