Makali ya Babu

Babu yangu alikuwa mhunzi Kilosa. Wazee wake wa Ukaguru waliyeyusha mawe ya chuma wenyewe. Yalipokuja majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo, tanuri zikapoa. Yeye akabaki kufua springi chakavu za lori na kuuza mapanga Mikumi siku ya gulio. Aliliweka panga motoni hadi likawa jekundu, kisha akachovya makali tu majini. "Likiwa gumu lote, litavunjika," alisema. Mbele ya wenzangu wa sekondari nilimwonea aibu.

Leo tasnifu yangu ya uzamili inahusu leza. Mwali wake unayeyusha ngozi tu ya chuma, mara nyingi unene usiofika milimita moja. Chuma baridi kilicho chini kinafyonza joto, ngozi inaganda ghafla na kuwa ngumu, bila maji. Ndani, chuma hakiguswi, kwa hiyo hakivunjiki upesi.

Sura yangu ya historia ilianza California mwaka 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza. Babu alifariki kabla sijamuuliza chuma kikifika rangi gani ndipo kitolewe motoni. Sura hiyo naiandika upya, kuanzia Ukaguru.