Nyanda za Njombe katika Nakshi ya Mbao

Hadi katikati ya karne ya 19, nyanda za juu za Njombe na Makambako hazikujulikana kwa picha ya karatasi. Habari za Wabena, Wakinga na Wasangu zilitunzwa vinywani mwa wazee. Wasafiri wa Kizungu walikwishaanza kuchora nchi hii, lakini kando ya njia za misafara za kaskazini: kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860, kikafuatwa mwaka 1863 na cha Speke, ambacho picha zake zilitokana hasa na michoro ya mwenzake Grant.

Zamu ya kusini ilikuja mwaka 1877. J. Frederic Elton, konseli wa Uingereza huko Msumbiji aliyekuwa akipambana na biashara ya utumwa, alitoka Ziwa Nyasa, akapanda milima na kuvuka uwanda wa majani ambao ramani za kikoloni ziliupa jina lake. Ndio Kitulo ya leo. Akateremkia Usangu, akamkuta mtemi Merere vitani na Wahehe. Pwani hakuiona tena. Tarehe 13 Desemba alifariki kwa homa Usekhe, Ugogo. Wenzake walimzika chini ya mbuyu na kuchonga herufi za jina lake kwenye shina.

Shajara zake zilihaririwa na H. B. Cotterill, zikachapishwa London mwaka 1879 pamoja na ramani na picha. Hapa inafaa kutua kidogo, maana mchoro wa safarini haukuingia kitabuni kama ulivyo. Ulinakiliwa juu ya kipande cha mbao ngumu, kisha fundi akachimba kwa kalamu ya chuma kila mahali palipotakiwa kubaki peupe. Picha ikiwa kubwa, vipande kadhaa viliunganishwa na mafundi wakagawana kazi. Fundi huyo hakuwahi kuiona Afrika. Palipokosa maelezo alijaza miti na mawingu aliyoyazoea, na ndiyo maana mimi huziamini zaidi ramani za vitabu hivi kuliko anga zake.

Joseph Thomson alipita Uhehe na Ubena mwaka 1879, na kitabu chake kikatoka mwaka 1881. Muongo huo huo ufundi wa kuchapa picha kwa vitone ulianza kuwanyang'anya kazi wachonga mbao. Kwetu kamera ilifika nyuma ya bunduki. Baada ya mapigano ya Wahehe na Wajerumani huko Lugalo, mwaka 1891, na kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Wahehe, mwaka 1894, daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nyanda hizi akipiga picha. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha kuiunguza Ubena.

Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940. Huko Iringa, mkoa ambao Njombe ilikuwa chini yake hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, boma la Wajerumani liligeuzwa makumbusho mwaka 2016. Kitabu cha Elton kimekwisha kuingia mtandaoni, na kijana anayengoja basi stendi ya Makambako aweza kukifungua kwa simu. Akiikuza picha kwa vidole viwili, mawingu hugeuka mistari mitupu, na pengine huonekana uzi mwembamba mweupe unaokata mlima na anga pamoja, pale vipande viwili vya mbao vilipokutana.