Noti za Milioni

Shuleni kwetu mwalimu mmoja alikuwa akisema kuchora herufi ni kazi ya waliofeli. Mimi sikufeli sana, bwana, lakini tangu nimalize kidato cha nne riwaya yangu haijaisha na jalada lake nimeshalichora mara saba. Herufi zinakataa kukaa. Ndiyo nikaanza kutafuta habari za watu waliofundishwa kazi hii darasani.

Mwaka 1919 msanifu majengo Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani. Mwanafunzi mgeni alianzia kozi ya awali: ashike mbao, kitambaa, karatasi, ajue kila kitu kina uwezo gani, ndipo aende karakana. Inasimuliwa kwamba mwalimu Josef Albers aliwahi kuwagawia magazeti matupu, basi. Wengine wakatengeneza meli, wengine ndege. Yeye akasifu gazeti lililokunjwa tu, likasimama wima lenyewe.

Lakini aliyenikamata mimi ni Herbert Bayer, kijana kutoka Austria aliyeingia pale mwaka 1921. Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka vibaya mno, mkate mmoja ukafika mabilioni. Benki ya jimbo la Thuringia ikataka noti za haraka. Nani azichore? Bayer, miaka 23, bado mwanafunzi! Akachora ya milioni 1, ya milioni 2 na kuendelea. Hazina picha ya mtu wala maua, ni maandishi na tarakimu nene. Mtu mwenye njaa, foleni ndefu nyuma yake, hana muda wa kutazama mapambo. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipofundishwa hasa, kuliko darasani.

Mwaka 1925 shule ilihamia Dessau, naye akawa mkuu wa karakana ya uchapaji. Akaziondoa herufi kubwa, katika lugha ambayo kila nomino huanza na herufi kubwa! Hoja yake: mdomoni hakuna herufi kubwa, na muda unaokolewa. Bayer aliondoka 1928. Bauhaus yenyewe ilifungwa Berlin mwaka 1933, Wanazi wakiwa wameshika dola.

Juzi usiku nilifuta mnazi, nikafuta jua, nikafuta na msichana mwenye mtungi. Limebaki jina la riwaya peke yake, kwa herufi ndogo. Linasimama, ila upande wa kushoto limeinama kidogo.