Mzazi Kusafiri Peke Yake kwa Siku Chache: Historia na Hukumu ya Amana Anayoiacha Nyumbani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Liko suala ambalo wazee wetu wa Mwika hawakuwa na haja ya kuliuliza. Leo mzazi, awe baba au mama, anaweza kuteremka mlimani siku ya Alhamisi, akapanda ndege katika uwanja wa Kilimanjaro, akapumzika nchi ya nje siku tatu, na Jumatatu akawa tena katika kihamba chake. Haendi Hija wala matibabu wala biashara. Amechoka, anataka kupumzika. Je, inafaa awaache watoto nyuma na aende peke yake?

Wako wanaosema kuwa siku tatu si kitu, na wako wanaosema kuwa mzazi mwema haondoki. Sisi tunaona kauli zote mbili zimehesabu siku zikaisahau amana. Basi tuitazame historia kwanza, kisha tuingie katika hukumu.

Safari za zamani

Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipofika Uchagani akitokea Mombasa, aliongozwa na msafiri wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikuwa ikipanda mlima huu kwa miguu, na aliyejiunga nayo hakuwa na uhakika wa siku ya kurudi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Kwa hiyo katika umri wa watu wawili au watatu, safari imetoka katika miezi ikaingia katika saa.

Urefu ule wa safari ulikuwa na mafunzo yake. Mtu aliyejua kwamba huenda asirudi alilipa madeni, alirudisha amana za watu, aliusia, alikabidhi watoto kwa ndugu mbele ya mashahidi, na aliacha chakula ndani. Safari fupi ya leo imetuondolea maandalizi hayo, nasi tukadhani kwamba imetuondolea na wajibu wenyewe.

Mfano wa Mitume na Masahaba

Qur'ani katika Suratul A'raf (7:142) inatueleza kwamba Nabii Musa (a.s.) alipokwenda kwenye miadi ya Mola wake, siku zilizotimia arubaini, hakuwaacha watu wake hivi hivi. Alimweka ndugu yake Harun (a.s.) na akampa wasia wa namna ya kuwasimamia. Pamoja na hayo, kadhia ya ndama ilitokea nyuma yake. Ikiwa naibu alikuwa Nabii na fitina bado iliingia, itakuwaje kwa nyumba isiyoachiwa naibu yeyote?

Mtume wetu (s.a.w.) naye alipotoka Makka usiku wa Hijra alimwacha Ali (r.a.) azirudishe amana za watu. Katika mwaka wa 9 Hijria (630), alipokwenda Tabuk, alimwacha Ali huyo huyo pamoja na jamaa zake. Na katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), Uthman bin Affan (r.a.) alibaki Madina kwa idhini ya Mtume ili amuuguze mkewe Ruqayya, naye akahesabiwa fungu lake sawa na waliohudhuria. Ndugu msomaji, zingatia hapa: kumtunza mgonjwa wa nyumbani kulitosha kuwa udhuru katika siku kubwa kama ile ya Badr. Basi mtoto mwenye homa, je, hatoshi kuahirisha mapumziko?

Huenda mtu akatoa hoja ya Nabii Ibrahim (a.s.), aliyemwacha Hajar na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mimea. Jibu ni kwamba Hajar mwenyewe aliuliza kama hilo ni agizo la Mwenyezi Mungu, na alipojibiwa kuwa ndivyo, aliridhika. Hiyo ilikuwa amri ya wahyi. Hata hivyo Ibrahim aliwaachia tende na maji, na akawaombea dua iliyotajwa katika sura yenye jina lake (14:37). Tawakkul haikumzuia kuacha masurufu.

Khalifa Umar (r.a.) naye, baada ya kumuuliza binti yake Hafsa, aliweka kikomo cha muda wa askari kuwa mbali na wake zao. Riwaya zimetofautiana, nyingine zikisema miezi minne na nyingine sita, lakini funzo ni moja: waliobaki nyumbani wana haki, na haki hiyo husikilizwa kutoka kwao.

Wasafiri wawili na mtawala mmoja

Imam Ghazali alipotoka Baghdad mwaka wa 488 Hijria (1095) kuitafuta nafsi yake, aligawa mali aliyokuwa nayo na kubakisha kiasi cha kujikimu na riziki ya watoto. Na yeye mwenyewe anaeleza kwamba miito ya watoto ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao. Hakuna aliyemwona Ghazali kuwa mpungufu wa uchamungu kwa sababu aliitika sauti ya wanawe.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka Tangier mwaka 1325 akiwaacha wazazi wote wawili wakiwa hai. Njiani alioa Damascus, kisha akamwacha mke huyo akiwa mjamzito. Aliporudi Damascus mwaka 1348 aliuliza habari za mwanawe, akaambiwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Hapo hapo akapata habari kuwa baba yake amekufa miaka kumi na mitano nyuma. Alipokaribia kwao, akasikia tauni imemchukua mama yake. Elimu aliyotuachia ni kubwa, na pwani yetu inamshukuru. Lakini alikuwa baba wa mtoto ambaye hakumwona hata mara moja.

Karibu nasi zaidi, Sayyid Said bin Sultan alikuwa akienda na kurudi baina ya Zanzibar na Oman, na mara kadhaa alipoondoka aliacha mwanawe ashike nafasi yake. Mwaka 1854 aliondoka Zanzibar, naye akafariki baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi. Waliokuwa wakimngojea pwani walipokea maiti. Safari haimwahidi mtu marejeo, iwe ya jahazi au ya ndege.

Hukumu

Asili ya safari ya mapumziko ni mubaha. Katika kisa cha Salman na Abu Dardai (r.a.), alichokipokea Bukhari, tunafundishwa kwamba mwili una haki na jamaa wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Kwa hiyo mama aliyelea kwa miaka bila ya kupumzika halaumiwi kwa kutamani siku tatu za utulivu, wala baba halaumiwi. Lakini mubaha hugeuka dhambi ukivunja wajibu. Tunataja mambo manne.

La kwanza ni nafaka. Abu Daud amepokea hadithi yenye maana kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kule kuwapoteza wale anaowajibika kuwalisha. Anayenunua tiketi hali ada ya shule haijalipwa na unga umekwisha, huyo amekwishajihukumu. Na wanazuoni wa Kishafi wamesema kwamba ambaye safari yake yenyewe ni maasi hapewi ruhusa ya kufupisha Sala ndani yake.

La pili ni ulezi. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka wa 676 Hijria, 1277) ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu, kwamba mmoja wa wazazi akitaka kusafiri kwa haja, mtoto hubaki na yule mkaazi hadi msafiri arudi. Tazama uzito wa maneno hayo: yamejengwa juu ya kuwepo mkaazi. Huku mlimani baba wengi wanatafuta riziki Dar es Salaam au Arusha, na mama ndiye mkaazi pekee. Akiondoka naye, nyumba haina mzazi. Hapo lazima awepo bibi mwenye nguvu, mama mdogo, shangazi au mtu mzima mwaminifu aliyekubali kwa ulimi wake. Msichana wa kazi ambaye mwenyewe bado ni mtoto si naibu. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inamtaka mzazi ahakikishe kwamba asipokuwepo kwa muda, mtoto anatunzwa na mtu anayeweza.

La tatu ni wasia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) hadithi ambayo maana yake ni kuwa haimfalii Mwislamu mwenye jambo la kuusia kulala nyusiku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Nyusiku mbili! Safari tunayoiita fupi mno ina nyusiku tatu. Basi aandike madeni yake, amana za watu, na nani awashike watoto likitokea la kutokea.

La nne ni mama kusafiri bila ya mahram. Katika madhhebu ya Imam Shafi, mlango wa Hija ya faradhi umefunguliwa kwa mwanamke aliye pamoja na wanawake waaminifu, ama safari isiyo ya wajibu kauli yenye nguvu ni kuzuia. Wako katika madhhebu waliotazama amani ya njia na wakaruhusu. Saudi Arabia nayo ilitangaza mwaka 2022 kwamba mahram si sharti kwa mwanamke anayekwenda Hija au Umra, lakini hiyo ni safari ya ibada, na kuifanyia kiasi safari ya matembezi kunahitaji dalili. Nasaha yetu ni kwamba mama aende na mumewe, mahram au dada zake waaminifu, ili atoke katika khitilafu.

Hitimisho

Aliyetimiza haya na aende, apumzike, na haja yake ikiisha aharakishe kurudi kwa watu wake kama Mtume (s.a.w.) alivyofundisha. Asiyeweza kumtaja kwa jina mtu atakayempeleka mwanawe hospitali usiku wa manane, huyo safari yake haijawa tayari, hata ikiwa ni ya siku moja. Nanyi maimamu, muulizwapo kuhusu jambo hili, kabla ya kuuliza muulizaji anakwenda siku ngapi, muulizeni anamwacha nani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.