Neuroblasti (nzi wa matunda)

Neuroblasti za nzi wa matunda ni seli shina zinazozaa neuroni (seli za neva) na sehemu kubwa ya seli za glia katika mfumo mkuu wa neva wa nzi mdogo ambaye jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster. Neuroblasti hugawanyika mara nyingi. Kila inapogawanyika hujibakiza yenyewe na kutoa seli ndogo, ambayo baadaye huzaa neuroni.

Ubongo wa nzi huyu ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Hata hivyo ramani kamili ya ubongo wa jike mzima, iliyotolewa mwaka 2024, ilihesabu neuroni 139,255 na kuzigawa katika aina zaidi ya 8,000. Ubongo wa kati, yaani ubongo bila sehemu za kuona, hutokana na neuroblasti takriban 100 tu kwa kila upande. Kwa hiyo swali kuu la utafiti ni jinsi seli shina chache zinavyoweza kutoa neuroni za aina nyingi kiasi hicho, kila aina kwa idadi yake na mahali pake. Jibu linategemea mambo matatu: mahali neuroblasti ilipotokea, wakati neuroni ilipozaliwa, na tofauti kati ya seli mbili zinazozaliwa pamoja.

Historia ya utafiti

Neuroblasti za wadudu zilielezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, miongoni mwa wengine na Mmarekani William Morton Wheeler. Mwaka 1976 Michael Bate alichapisha ramani ya neuroblasti katika kiinitete cha nzige (Locusta migratoria), ambaye seli zake ni kubwa na rahisi kuonekana kwa hadubini. Alionyesha kwamba seli hizo hujipanga kwa namna ileile katika kila kiinitete, hata kila moja ikaweza kupewa namba yake.

Baadaye watafiti walihamia kwa nzi wa matunda, kwa sababu jeni zake zilijulikana zaidi na huzaliana upesi. Jeni za hunchback na Krüppel, zinazotajwa hapa chini, zilijulikana kwanza kwa kazi yake ya kupanga pingili za mwili wa kiinitete. Utafiti huo uliwapatia Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus Tuzo ya Nobel ya mwaka 1995, pamoja na Edward Lewis.

Kutokea kwa neuroblasti

Neuroblasti hutokana na tabaka la nje la kiinitete. Mwanzoni kundi dogo la seli jirani huwa na uwezo sawa wa kuwa neuroblasti, kwa sababu zote zimewasha jeni kama achaete na scute. Kisha seli hizo huzuiana kwa njia ya mawasiliano inayotumia protini ya Notch. Moja hushinda, huvimba na kuingia ndani ya kiinitete. Nyingine hubaki nje, na nyingi kati yake huwa ngozi. Katika kila nusu ya pingili hutokea neuroblasti takriban 30.

Katika sehemu za kuona mambo ni tofauti kidogo. Huko kuna utando wa seli ambao katika buu hugeuka kuwa neuroblasti hatua kwa hatua, kama wimbi linalosonga kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo neuroblasti za sehemu hizo ni nyingi zaidi.

Mgawanyiko usio sawa

Neuroblasti inapokaribia kugawanyika, hupanga protini zake pande mbili. Upande mmoja hukaa protini zinazodumisha hali ya seli shina, kama aPKC na Bazooka. Upande wa pili hukusanyika Numb, Prospero na Brat. Seli inapokatika, seli kubwa hubaki kuwa neuroblasti, na seli ndogo hurithi zile protini za upande wa pili. Seli hiyo ndogo huitwa seli mama ya ganglioni. Ndani yake Prospero huingia katika kiini na kuzima jeni za seli shina. Kisha seli hiyo hugawanyika mara moja tu na kutoa neuroni mbili, au neuroni na glia.

Neuroblasti za namna hiyo huitwa za aina ya kwanza, nazo ndizo nyingi. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalieleza aina ya pili, ambayo ina seli nane tu kwa kila upande wa ubongo. Hizi kwanza hutoa seli za kati ambazo nazo hugawanyika mara kadhaa, kila mara zikitoa seli mama ya ganglioni. Kwa sababu hiyo neuroblasti moja ya aina ya pili huzaa mamia ya seli. Nyingi kati ya hizo huenda kwenye kitovu cha ubongo, sehemu inayomsaidia nzi kujua mwelekeo wake na kuongoza mwendo.

Asili ya aina nyingi za neuroni

Mahali. Kila neuroblasti hubeba alama za jeni za mahali ilipotokea: mbele au nyuma, karibu na mstari wa kati au mbali nao. Alama hizo ndizo zinazofanya neuroblasti mbili jirani zizae koo tofauti kabisa za neuroni.

Wakati. Neuroblasti hubadilika kadiri inavyogawanyika. Katika kiinitete nyingi huwasha vidhibiti vya jeni kwa zamu: kwanza Hunchback, halafu Krüppel, Pdm, Castor na mwisho Grainyhead. Neuroni inayozaliwa wakati wa zamu fulani hupata sifa za zamu hiyo. Mfuatano huu ulielezwa mwaka 2001 katika maabara ya Chris Doe nchini Marekani.

Mfano unaojulikana sana ni neuroblasti iitwayo 7-1, ambayo huzaa neuroni tano za misuli, U1 hadi U5, kwa mpangilio huo. Ikikosa Hunchback, neuroni za kwanza hazipatikani, lakini zinazofuata huzaliwa. Ikilazimishwa kubaki na Hunchback, huendelea kutoa neuroni zinazofanana na zile za kwanza. Lakini Hunchback ikirudishwa baada ya neuroblasti kugawanyika mara nyingi, haina nguvu tena. Hii inaonyesha kwamba seli shina yenyewe huzeeka na kupoteza uwezo wake wa mwanzo.

Zamu hizo si zilezile kila mahali. Katika medula, sehemu mojawapo ya kuona, watafiti walitambua mwaka 2013 mfuatano mwingine: Homothorax, Eyeless, Sloppy-paired, Dichaete na Tailless. Sehemu hiyo ina zaidi ya aina 70 za neuroni.

Ndugu wawili. Seli mama ya ganglioni inapogawanyika, Numb huenda kwa seli moja tu. Numb huzuia Notch, hivyo seli moja hukua Notch ikiwa imezimwa na ndugu yake ikiwa imewashwa. Kwa hiyo ndugu hao wawili huwa neuroni za aina tofauti, au mmoja hufa na mwingine hubaki.

Miili ya uyoga

Miili ya uyoga ni sehemu ya ubongo inayohusika na kujifunza, hasa kukumbuka harufu. Neuroblasti nne kwa kila upande huzaa takriban seli 2,000 za Kenyon. Kwanza huzaliwa za aina ya γ, kisha α'/β' wakati wa mwisho wa ubuu, na mwisho α/β katika pupa. Hapa mabadiliko ni ya polepole: protini iitwayo Imp hupungua taratibu huku Syncrip ikiongezeka. Uwiano wa hizo mbili huamua kiasi cha protini ya tatu, Chinmo, na hivyo aina ya seli itakayozaliwa.

Kulala, kuamka na kukoma

Mwishoni mwa kipindi cha kiinitete neuroblasti nyingi husimama na kulala. Buu anapoanza kula, asidi za amino hutambuliwa na tishu za mafuta, na ishara hufika kwenye glia za ubongo. Glia hutoa protini zinazofanana na insulini, nazo huamsha neuroblasti. Zile za miili ya uyoga hazilali. Karibu asilimia 90 ya neuroni za nzi mzima huzaliwa katika awamu hii ya pili.

Katika pingili za tumbo neuroblasti nyingi hufa mapema kutokana na jeni ya abdominal-A. Nyingine hukoma wakati wa pupa chini ya athari ya homoni ya ekdisoni, na za miili ya uyoga ndizo za mwisho. Kwa kawaida nzi mzima hana neuroblasti zinazofanya kazi.

Kasoro na uvimbe

Protini za mgawanyiko zikiharibika, seli ndogo hushindwa kuacha hali ya seli shina. Katika buu asiye na jeni ya brat, seli za kati za aina ya pili hurudi kuwa neuroblasti na kuzidi kuongezeka bila kutoa neuroni. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba vipande vya ubongo wenye kasoro za namna hii, vikipandikizwa tumboni mwa nzi mzima, hukua kuwa uvimbe unaoenea mwilini na kumuua. Kwa sababu hiyo neuroblasti hutumika kuchunguza jinsi saratani inavyoweza kuanzia kwenye seli shina.

Wanyama wengine

Mamalia pia huzaa neuroni kwa mpangilio wa wakati: katika gamba la ubongo, tabaka za ndani hutangulia zile za nje. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba Ikaros, protini ya panya iliyo jamaa ya Hunchback, huziwezesha seli za retina kutoa neuroni za mapema. Protini za Numb na Notch zipo pia kwa binadamu.