HISTORIA FUPI YA MSHONO WA MNYORORO

Husemwa mara nyingi kwamba kutarizi ni kazi ya kigeni, na kwamba msichana wa Kikamba huianza bila urithi wowote. Neno hilo yafaa lipimwe kwa historia.

Ni kweli kwamba mishono ya mapambo ilienezwa mashambani hasa na vyama vya wanawake. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, chini ya uangalizi wa Serikali ya kikoloni, wakati wa Hali ya Hatari. Jeanes School ya Kabete iliwafundisha viongozi wake ushonaji, upishi na malezi. Serikali ile ilitumaini pia kwamba akina mama wakishika sindano hawatashika siasa.

Walakini sindano yenyewe haina kosa. Tutazame mshono wa mnyororo. Sindano hutokezwa juu ya kitambaa. Uzi hulazwa kwa kitanzi na kushikwa kwa kidole gumba. Sindano hurudishwa katika tundu lile lile, ikatokea mbele kidogo ndani ya kitanzi, kisha uzi huvutwa taratibu. Ukivutwa kwa nguvu, kitambaa hujikunja. Kitanzi cha mwisho kisipofungwa, mstari wote huweza kufumuka.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kazi ya namna hii. Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi mwaka 1849, misafara ya Wakamba ilikwisha kuzoea njia ya pwani, ikipeleka pembe na kurudi na nguo, shanga na waya. Kwa waya huo mafundi walitengeneza mikufu myembamba ajabu, pete ndani ya pete. Akina mama nao walisokota nyuzi za magome ya mbuyu na kusuka viondo, wakihesabu nyuzi ili michirizi ilingane. Jicho la kuhesabu na kidole cha kukaza vilikuwako kabla ya sindano ya dukani.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa ushonaji hapa Matinyani waanze na michirizi ya kiondo, kabla ya maua ya vitabu vya ng'ambo, na wawaalike bibi zetu wakae karibu na wanafunzi. Bibi ajuaye kusokota akifariki bila kumfundisha mtu, hakuna duka litakalotuuzia ujuzi wake.