Vikongwe wa Meatu: kwa nini mwaka huu na siyo mwaka jana?

Wadau, habari za vikongwe kuuawa Kanda ya Ziwa tumezizoea mpaka tunazisoma haraka haraka. Tunasema "ah, Wasukuma na imani zao," tunafungua ukurasa mwingine. Mimi jibu hilo halinitoshi. Imani ya uchawi iko kila mahali, hata hapa mjini kuna mabosi wana hirizi ndani ya suti. Sasa kwa nini bibi kizee akae salama miaka mitano, halafu mwaka wa sita ajiwe na mapanga?

Kuna mchumi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, anaitwa Edward Miguel, alilifuatilia swali hilo wilayani Meatu (wakati ule mkoa wa Shinyanga, tangu 2012 iko Simiyu). Alichukua vijiji 67, akaweka hesabu za mauaji za kuanzia 1992 hadi 2002 sambamba na hali ya mvua. Utafiti ulitoka 2005. Karibu nusu ya mauaji yote vijijini humo yalikuwa ya watu waliodaiwa kuwa wachawi. Na miaka ambayo mvua iligoma kabisa, au ilizidi mpaka mafuriko, mauaji hayo yalikuwa kama mara mbili ya miaka mingine.

Hapo hapo kaza macho: mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Kama ingekuwa hasira za njaa tu, yote yangepanda. Na kama ingekuwa imani tu, mvua ingehusika vipi? Hakuna anayeacha kuamini uchawi eti kwa sababu mtama umestawi.

Kinachobadilika ni ghala. Meatu ni kukavu, watu ni wakulima na wafugaji, msimu ukiharibika chakula hakifiki msimu mwingine. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wazee, wa kaya maskini. Na wauaji mara nyingi ni ndugu. Ndugu jamani! Siyo majambazi waliopita njia.

Sisemi kwamba mtu anakaa chini, anapiga hesabu ya madebe, halafu anamchagua mama yake mkubwa. Ila shida ikiingia nyumbani inatafutiwa mwenyewe, na wa kusingiziwa yupo tayari: mjane, mzee, hana nguvu za kulima, macho mekundu. Macho yenyewe ni moshi tu. Mtu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu miaka hamsini, unategemea yawe meupe?

Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, na kumwita mtu mchawi ni kosa. Lakini polisi anakuja maiti ikiwa chini. Miguel yeye alipendekeza dawa ya upande wa ghala: pensheni kwa wazee, ili kikongwe awe mtu anayeleta hela nyumbani.

Siyo ndoto ya Ulaya hiyo. Zanzibar walianza 2016, kila mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Hela ndogo, najua. Lakini mwaka wa ukame, kwenye nyumba isiyo na mavuno, huyo bibi ndiye peke yake mwenye mshahara.